Pindueni motokari kwanza, muangalie chini

Kuko jambo moja ambalo hatutaki tena kulinyamazia ndani ya vijitabu hivi. Kila mara tukisoma maandishi juu ya mila zetu, na yale tuliyoyaandika sisi wenyewe yamo, tunakuta vinyago, ngoma, mahari, majina ya mapacha, namna chifu anavyozikwa. Ni vizuri. Lakini kitu ambacho karibu kila mwanaume aliyekulia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi alikitengeneza kwa mikono yake mbele ya kufikisha miaka 12 (na wasichana kadhaa pia, hata kama mama zao hawakupenda), kitu hicho hakijapata hata ukurasa mmoja. Tunasema juu ya motokari ya waya.

Na tusidanganyane: hatukusahau. Tuliona haya. Mtu aliyesoma, ambaye diploma yake inaning'inia ukutani, hapendi kusema mbele ya wageni kwamba mwalimu wake wa kwanza wa ufundi alikuwa kipande cha uzio.

Tuanze na kosa letu, kisha tutasema la wengine. Si zamani sana tuliitwa kuwa waamuzi kwenye maonyesho ya kazi za mikono za vijana, hapa Lubumbashi. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake kulikuwa motokari saba za waya. Tulizunguka meza mikono nyuma, sawa wakubwa wa kompani wanaotembelea atelie, tukanong'onezana, tukaandika namba. Zawadi ya kwanza ilienda kwa pikapu moja nyekundu, imepakwa rangi na kung'arishwa, ina taa za karatasi ya fedha na hata kibao cha namba. Ilikuwa nzuri kweli. Magurudumu yake yalishikwa na gundi, hayakuweza kuzunguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyagusa.

Kwenye pembe ya meza, mtoto mmoja wa Katuba, wa miaka kama 11, alikuwa ameweka kamiyo ya benne. Haikuwa na rangi, na waya yake ilikuwa na kutu kidogo. Volani yake ndefu ilikuwa imelazwa chini ya meza, kwa kuwa waliopanga maonyesho walimwambia aitoe, inaharibu mpango. Kisha ya zawadi kutolewa alikuja kuchukua kitu chake. Hakulia, hakulalamika. Aliikamata kamiyo, akaipindua tumbo juu mbele ya macho yetu, akasema kwa sauti ndogo: "Ba papa, mulipashwa kuangalia chini kwanza."

Tuliangalia. Tangu siku ile hatujaacha kuzungumza juu ya jambo hilo, na maandishi haya yametoka mule.

Msomaji ambaye hakupata kutengeneza motokari hizi atatuuliza: shasi ina kazi gani ndani ya kitu cha kuchezea? Shasi njo motokari yenyewe. Bodi mtoto anaweza kuifanya kwa nusu siku, ao kuiacha kabisa; tumeona motokari zilizotembea miezi mizima zikiwa mifupa tu. Shasi inakula siku tatu. Kwanza waya. Ile ngumu, ya uzio wa zamani ao ya hanga ya nguo, inafanya mihimili miwili mirefu. Ile laini, ambayo wajenzi wanafungia vyuma vya beto, inafunga viungo. Ikiwa waya ngumu inakataa kupindika, mtoto anaiweka ndani ya mbabula ya mama yake mpaka iwe nyekundu, kisha anaiacha ipoe polepole ndani ya majivu. Kesho yake inapindika kwa vidole. Lakini inapindika mara moja! Ukiikunja na kuikunjua pahali pale pale mara nyingi, inakuwa ngumu tena na kukatika. Mtoto anajua hayo bila kitabu, kwa kuwa alipoteza waya nzuri.

Kunyoosha nako ni elimu. Waya inagongwa kwa jiwe juu ya saruji ya baraza, kisha inaviringishwa chini ya kiganja. Ikirukaruka, bado imepinda. Macho yanadanganya, kiganja hakidanganyi. Viungo havilehemiwi, kwa maana mtoto atapata wapi vifaa vya kulehemu, na umeme wa kutumia? Anazungusha waya laini mara sita, mara nane, akivuta kila mzunguko, na mwishoni anabana kwa pensi ya kuazima. Ao kwa meno, na wazazi wengi wanajua matokeo yake.

Halafu inakuja waya ambayo wajinga wanaisahau: ile inayokata shasi kutoka pembe mpaka pembe. Hapa tuombe radhi kwa kuingia ndani kidogo, lakini bila hapa msomaji hataelewa kilio chetu. Motokari ya waya haina mashini. Nguvu inatoka kwa mtoto mwenyewe, anayekimbia nyuma yake: inashuka ndani ya fimbo ya volani na kuingia upande wa mbele wa shasi. Kwa hiyo shasi inavutwa kwa mbele na kuburuta mzigo wote wa nyuma. Kama ni mraba mtupu, mihimili miwili na vipande viwili vya kukatiza, inajikunja sawa kitanda kilicholegea misumari. Magurudumu ya nyuma hayafuati tena yale ya mbele, na motokari inatembea kimshazari kama mbwa. Waya moja ya pembe kwa pembe inaponya ugonjwa huo. Kamiyo ya mtoto wa Katuba ilikuwa nazo mbili, zimefungwa pale zinapopishana. Chini ya benne kulikuwa resori nne zilizozungushwa juu ya msumari, zote za mizunguko sawa, tulihesabu. Ekseli ya mbele iligeuka juu ya msumari mmoja wa katikati, na matundu ya ekseli yalipakwa sabuni ili yasilie. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya mikebe, viwili viwili vimebanwa uso kwa uso, na juu yake ukanda wa kauchu iliyokatwa ndani ya pine ya kinga.

Hiyo njo kazi tuliyoipita na mikono nyuma.

Sasa, namna gani watoto wenyewe wanalinganisha? Maana wanalinganisha, na kwa ukali kupita sisi. Motokari mbili zinaletwa barazani. Kila moja inasukumwa mara moja na kuachwa: inaenda moja kwa moja ao inavuta upande? Kisha wanainua gurudumu moja kwa kidole. Shasi nzuri inakubali kidogo, halafu inainuka yote. Shasi mbovu inabaki chini magurudumu matatu, mwili umejinyonga. Kisha nusu tofali inawekwa juu. Kisha volani inapindwa mpaka mwisho, na watu wanatazama ni nani anayegeuza ndani ya fasi ndogo. Mwishoni barabara, pamoja na mawe yake na mifereji yake, na hapo njo mabishano yanapoanza. "Ya kwako iko nguvu sana, inaruka!" "Na ya kwako iko laini, inalala sawa mulevi!" Wote wawili wana haki. Shasi iliyo ngumu kabisa inarukaruka juu ya mawe, magurudumu ya mbele yanaacha udongo, na volani haina kazi tena. Ile laini mno inayumba. Kupata katikati, mahali ambapo kiungo kinakaza lakini kinaachia kidogo, hiyo ni akili ya miaka miwili mitatu ya kujaribu.

Kuko wenzetu wanaotuambia: yote hayo ni umaskini tu, mtoto akinunuliwa motokari ya plastiki ataitupa hii ya waya siku hiyo hiyo. Tutajibu, lakini msomaji aturuhusu tutoke Katanga kidogo, tuende kwa watu ambao hawakukosa plastiki.

Huko Marekani, ndani ya miaka ya 1960, kulikuwa homa ya mashindano ya motokari ndogo za umeme. Uingereza nayo iliupenda mchezo huo. Kule Scalextric ilianza kuuzwa mwaka 1957. Motokari hizo, zile za kipimo cha 1 kwa 24, ni fupi, karibu sentimita 20. Zinatembea juu ya barabara ya mbao yenye mfereji mwembamba. Kipande kidogo chini ya pua ya motokari kinaingia ndani ya mfereji na kuiongoza, na umeme unapanda kutoka kandokando ya mfereji mpaka kwenye mota. Mwenye kuendesha anashika kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo, basi. Hakuna volani. Maduka yaliuza motokari zilizokamilika, na watu wazima wenye pesa walizinunua. Kisha walifanya nini? Waliona kwamba shasi za dukani zinatoka ndani ya mfereji kwenye kona, wakaziacha, wakaanza kupinda shasi zao wenyewe: waya ya chuma, ile ya piano, na vipande vya shaba ya manjano, vyote vikilehemiwa kwa mkono. (Shaba ya manjano ni shaba na zinki, vitu viwili ambavyo udongo wa kwetu, kwa mfano ule wa Kipushi, unavijua vizuri.) Na wakabishana juu ya nini? Juu ya shasi ngumu na shasi laini! Iliyo ngumu inaruka kwenye kona. Basi waliacha pande za shasi zicheze kidogo, wakashusha uzito chini kabisa, wakageuza mota ikae kimshazari. Mabishano yale yale ya barazani Katuba, pamoja na vipimo na mahesabu.

Homa ile ilishuka mbele ya miaka ya 1960 kuisha, lakini mafundi wa shasi hawakuisha. Mpaka leo kuko watu wazima, wengine wazee wenye mvi, wanaopinda waya kwa ajili ya mashindano hayo, wanaotunza shasi za wakati ule sawa mali ya urithi, wanaoandika juu ya kila kiungo. Na katikati ya watu hao, ukionyeshwa motokari, unaipindua. Bodi ni ganda la plastiki nyembamba, inatoka na kurudi. Thamani iko chini. Hakuna anayewaambia kwamba wanacheza kwa sababu ya umaskini.

Hatusemi kwamba watoto wetu waliwaiga Wamarekani, wala Wamarekani waliwaiga watoto wetu. Hawajuani. Tunasema kwamba waya, mtu yeyote akiipinda kwa bidii, inamfundisha mambo yale yale, na kwamba upande mmoja wameyaandika na upande wetu tumeyalaza chini ya meza pamoja na volani.

Wengine wanakuja na neno zito: hii si mila. Mila ni ya mababu. Mababu hawakuwa na kamiyo. Kweli, hawakuwa nayo. Reli yenyewe ilifika Élisabethville mwaka 1910, na motokari zilikuja kuenea kisha. Lakini waya? Mbele ya kompani yoyote watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba na kuifanya misalaba ya kununulia vitu. Na Bayeke, waliotoka Unyamwezi ndani ya karne ya 19 na kumfuata Msiri mpaka Bunkeya, mahali alipotawala hadi alipouawa mwaka 1891, walikuwa na mafundi waliovuta shaba kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba sawa uzi, wakaizungusha juu ya nyuzi za mimea kufanya vikuku. Anayezungusha waya laini mara nane juu ya waya ngumu leo hii anajua kitu ambacho fundi wa Bunkeya angekitambua mara moja. Tena mpaka haukuzuia jambo hili: Zambia watoto wanafanya, na Malawi wanaita galimoto, neno lile lile la motokari kubwa. Desturi inayojulikana katika nchi tatu, ambayo mkubwa anamfundisha mdogo bila mwalimu wa serikali wala kitabu, kama si mila, basi tuambiwe mila ni nini.

Tulishakosea namna hii mara moja, na hatupendi kukumbushwa. Ndani ya miaka ya 1970 wachoraji wa muji huu walikuwa wakiuza picha zao nyumba kwa nyumba, zimechorwa juu ya magunia ya unga. Wenye elimu waliwacheka. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Zaïre, picha zaidi ya 100, mwaka 1973 na 1974, na aliyekaa naye kuzungumza picha moja moja alikuwa mgeni, Johannes Fabian, ambaye alitoa kitabu juu yake mwaka 1996. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Mjukuu wako akitaka kuziona, amtafutie viza.

Lakini adui tunayemwogopa zaidi si yule anayedharau. Ni yule anayesifu vibaya. Siku hizi motokari ya waya imepata marafiki wapya, wanaoiita sanaa ya takataka, wanaoipiga picha kwenye mikono ya mtoto mwenye kaptula iliyotoboka, wanaoiuza kwa watalii sawa inavyouzwa kandokando ya barabara kule Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Kuuza si dhambi, fundi ale. Ila angalia kinachotokea kwa motokari ikiingia njia hiyo. Volani ndefu inatolewa, kwa kuwa haiingii ndani ya valizi. Shasi inakuwa nyepesi, maana hakuna atakayeisukuma. Rangi inaongezeka. Kisha gundi. Mwisho unapata ile pikapu nyekundu tuliyoipa zawadi, na watoto wanaotazama wanaelewa haraka sana nini kinalipwa. Sisi waamuzi tuliwafundisha hivyo siku ile, mbele ya watu, na makofi yakapigwa.

Shule nazo zisijifiche. Mmoja wetu alikuwa ndani ya darasa ambamo mwalimu alikusanya motokari za waya mlangoni, akazitupa nyuma ya choo, kisha akaingia na kufundisha nyenzo kwa kuchora mstari na pembetatu ubaoni. Wanafunzi 60 walikariri: nguvu, mhimili, mzigo. Na volani zilizopindika zilikuwa kule nyuma ya choo. Hatutaitaja shule, si ile peke yake.

Jambo lingine ni waya yenyewe. Vyuma vikuukuu sasa vinanunuliwa kwa kilo, na uzio ambao zamani ulikuwa wa kila mtoto umekwenda kwenye mizani. Zaidi ya hayo, waya za umeme zinakatwa usiku, mitaa inabaki giza, na mlinzi akimwona mtoto na waya mkononi hamuulizi, anamkamata. Tunaelewa hasira ya walio gizani. Sisi pia tunakula kwa mshumaa. Ila mlinzi angejua kidogo juu ya shasi angejua kwamba mtoto wa motokari hatafuti shaba. Shaba ni laini mno, nusu tofali inailaza chini. Muji mzima ulijengwa juu ya shaba, na watoto wake wanaikataa kwa kuwa haifai kazi! Wanataka chuma.

Tulimfuata yule mtoto kwao, tukamwomba auzie chama kamiyo yake, tuitunze. Mama yake alikuwa tayari kukubali. Yeye alikataa. Alisema resori za nyuma bado hazimpendezi, anataka kuzifungua na kupunguza mzunguko mmoja, na kwamba tukirudi kisha ya mvua tutamkuta na nyingine. Tulirudi bila kamiyo, na tukaona kwamba hata wazo letu la kutunza lilikuwa na ugonjwa wa kitambaa cheupe.

Kwa hiyo tumewaandikia waliopanga maonyesho, kwa ajili ya safari ijayo. Meza zitolewe. Kila mtoto asukume motokari yake mwenyewe, na volani yake, mpaka kwenye alama na kurudi. Nusu tofali moja kwa wote. Kila motokari ipinduliwe mbele ya watu na mwenyewe aeleze kila kiungo amekifunga hivyo juu ya nini. Rangi isihesabiwe hata namba moja. Na kati ya waamuzi wakae watoto wawili, kwa kuwa sisi tumeshaonyesha uwezo wetu.

Jibu limefika: hawakatai, lakini wanaogopa sakafu ya ukumbi itachubuka. Basi tufanye nje, barabarani, mahali motokari zinapotembea. Tofali tutaleta sisi.